Reli ya Umeme, Likizo ya Enzi za Mvuke

Ijumaa jioni kituo cha treni cha Samia, Dodoma, hujaa watu ambao saa moja kabla walikuwa ofisini. Wengine bado wana vitambulisho vya kazi shingoni. Picha za foleni hiyo zikisambaa mitandaoni, maelezo huwa yale yale: Watanzania wameamka, utalii wa ndani umeshika moto, siku hizi mtu anapiga kazi Jumatatu hadi Ijumaa na Jumamosi inamkuta anakotaka. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam–Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kisha ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo, maneno hayo yamerudiwa na wenye hoteli, wanasiasa na vijana wa TikTok kama walioambizana. Mimi naona tunaisoma foleni hiyo vibaya. Tazama mizigo. Mtalii habebi dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, mfuko wa zabibu na hotpoti mbili tupu zinazorudishwa kwa mwenyewe. Hao ni baba na mama wa watu, wanarudi kwenye familia walizoziacha Dar serikali ilipohamia Dodoma. Jumapili jioni utawaona tena, wamegeuza uelekeo, hotpoti zimejaa.

Hawa walikuwa wakisafiri hata kabla ya reli. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa TANU wa 1973 kukaa kabatini miongo minne, kuna watumishi waliokuwa wakilala kwenye basi kila wiki ya pili. Treni imewapunguzia adha, na hilo ni jema kubwa. Lakini kuwapunguzia adha waliolazimika kusafiri hakuthibitishi kwamba mfanyakazi wa kawaida sasa anaweza kusafiri akitaka. Hoja yangu ni kwamba reli imetupa kasi, wakati kilichokuwa kimemfunga mfanyakazi si ukosefu wa kasi, wala si nauli peke yake. Kimemfunga umbo la muda wake. Likizo yetu imekaa kama gogo moja la siku 28, lililochongwa kwa safari za enzi nyingine, na hatujajifunza kulipasua.

Gogo hilo lilikuwa na maana yake zamani. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilifika ziwani 1928. Ni zaidi ya kilomita 1,200 upande wowote uendao, na kwa miongo mingi zilikuwa kilomita za siku na usiku, za kununua ndizi Morogoro na asali Tabora kupitia dirishani. Karani wa bandarini mwenye kwao Ujiji alihesabu siku mbili au tatu za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, bado hajakanyaga njia ya kijijini. Kumpa mtu huyo likizo ya siku mbili ingekuwa kejeli. Alihitaji mwezi mzima, mara moja, afike, aezeke nyumba ya mama, apeleke mahari, augue malaria apone, arudi. Ndiyo maana mpaka leo mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na nauli hiyo ni ya kwenda kwao. Lugha yenyewe inatusuta: mtu akikuuliza “likizo unaenda wapi?” mara nyingi anauliza kwenu ni wapi. Ukimjibu kwamba unakwenda kutazama maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, atauliza tena, “Sawa, ila likizo unaenda wapi?”

Sheria imerithi umbo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani. Lini uende, anayepanga ni mwajiri, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 kama wewe mwenyewe umeridhia na sababu ipo. Neno la kulikazia macho ni “mfululizo”. Siku 28 zinasikika nyingi kuliko 21 za Kenya, mpaka ukumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataja siku za kazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, 28 zetu ni siku 20 za kazi. Jumamosi na Jumapili zake, ambazo ni zake tayari, zimehesabiwa kama zawadi. Mkenya wa siku tano, kwa kiwango cha chini kabisa cha sheria, anamzidi kwa siku moja.

Wakenya wanatuzidi na jambo jingine kubwa zaidi. Sheria yao inasema wazi kwamba likizo inaweza kugawanywa vipandevipande kwa ridhaa ya mfanyakazi, na kwamba kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Kwetu mlango wa kugawa upo, ila umejificha: sheria inasema siku 28 zinaweza kupungua kwa idadi ya siku za ruhusa zenye malipo ambazo mfanyakazi aliziomba na mwajiri akazitoa. Maana yake unaweza kuomba Jumatatu moja, ukakatwa siku moja. Moja, au tatu? Hapo ndipo ofisi zinapoachana. Kwa kuwa likizo inahesabiwa kwa siku za kalenda, ofisa rasilimali watu mmoja atakukata siku moja kwa Jumatatu yako, na mwingine atakuambia kwamba umeunganisha na wikiendi, kwa hiyo ni tatu. Huyu wa pili anahofia, na kwa hesabu yuko sahihi, kwamba wote mkigundua mchezo huo mtachukua siku 28 za kazi badala ya 20. Lakini anaua kabisa faida ya kugawa. Mfanyakazi aliye katikati yao hufanya anachofanya mtu yeyote akikutana na sheria isiyosomeka: anaacha.

Niliwahi kujaribu. Fomu ya likizo ya ofisi niliyokuwa wakati huo ilikuwa na mstari wa tarehe ya kuanza, mstari wa tarehe ya kurudi, na chini yake “anwani yako wakati wa likizo”, kukiwa na nafasi ya kuandika kijiji, kata na wilaya. Niliomba Ijumaa moja na Jumatatu yake. Dada wa utawala aliitazama fomu, akanitazama mimi, sauti ikashuka. “Pole kaka. Una msiba?” Nilipomwambia sina, naenda Lushoto tu kutembea, alishangaa kwa namna ya mtu aliyepewa fomu ya kuoa ya watu watatu. Fomu ilikaa kwa bosi mpaka Ijumaa yenyewe ikapita.

Dada yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajua kazini kwetu kuna aina mbili tu za kutokuwepo: mwezi mzima, au kifo. Na kifo nacho kina hesabu zake. Sheria inatoa angalau siku nne zenye malipo mtoto wako akiugua au kufariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma orodha hiyo mara ya pili. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mdogo aliyekulipia ada mpaka kidato cha sita, ambaye kwa Kiswahili ni baba bila maelezo zaidi, kisheria ni jirani. Mtu mwenye ukoo wa kawaida wa Kitanzania akizika wawili kwa mwaka, akahudhuria sendoff moja na harusi mbili za mikoani, siku zake 20 za kazi zimeliwa robo au theluthi kabla hajafikiria bahari. Kuna waliojua kujibu mfumo huu kwa lugha yake: kila ofisi ina mtu aliyekwisha kuzika bibi watatu wa upande mmoja. Tunacheka, lakini tuulize kwa nini mtu mzima mwenye mkataba anaona ni salama zaidi kumuua bibi yake kwa maneno kuliko kusema ukweli kwamba anataka kwenda kuogelea.

Sasa wapo wanaosema maneno yote haya ni ya bure, tatizo ni hela. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na haijibiwi kwa maneno matamu. Daraja la kawaida la treni kutoka Dar hadi Dodoma lilianza kwa shilingi 31,000, hadi Morogoro 13,000. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kufika shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa mtu huyo, kwenda Dodoma na kurudi ni 62,000, zaidi ya asilimia 12 ya mshahara kabla ya makato, na hajalala wala hajala. Hawezi kufanya hivyo kila mwezi, na yeyote anayemwambia “ni kujipanga tu” hajawahi kupanga bajeti ya nyumba yenye watoto. Lakini hapo hapo hoja ya hela ina ufa. Haielezi kwa nini mhasibu, mwalimu mwandamizi, ofisa wa benki na mhandisi, watu ambao 26,000 ya kwenda Morogoro na kurudi huiacha kwenye nyama choma ya Ijumaa bila kuhesabu, nao hawasafiri mpaka Desemba. Wala haielezi kwa nini wakisafiri husafiri siku ambayo nauli na nafasi ni adimu kuliko zote. Likizo ya gogo humlazimisha mtu kutumia hela nyingi mara moja, kipindi kile kile ambacho kila mtu anatumia. Kugawa muda kungegawa na gharama: safari ya 80,000 mara nne kwa mwaka inawezekana kwa mtu ambaye safari ya 320,000 mwezi Desemba humwachia Januari ya madeni.

Hoja ya pili yenye nguvu inatoka kwa wataalamu wa afya kazini na vyama vya wafanyakazi, nayo inaelekea upande mwingine: ukiikata likizo vipande, mfanyakazi hapumziki. Atakimbia Ijumaa, atarudi Jumatatu amechoka kuliko alivyoondoka, na mwajiri mjanja atatumia mgawanyo huo kuhakikisha hakuna anayeondoka kwa muda wa kutosha kusahau kazi. Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo iliyofanya Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ukiruhusu kugawa likizo, uweke sharti la kipande kimoja kisichopungua wiki mbili. Mimi nalikubali sharti hilo bila kinyongo. Wiki mbili zibaki nzima, ziwe za kwenda kwa mama, au za kulala tu. Ninazozigombania ni zile mbili nyingine. Kwa wa siku tano hizo ni siku kumi za kazi, na ukizibandika kando ya Jumamosi na Jumapili unapata wikiendi kumi za siku tatu, karibu moja kila mwezi. Kwa muuza duka au fundi wa karakana anayefanya kazi siku sita, kama sheria inavyoruhusu kwa saa zisizozidi 45 kwa wiki, nusu ya likizo ni siku 12 za kazi, yaani Jumamosi 12. Kwake Jumamosi moja ya likizo ndiyo inayozaa wikiendi, kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwenye korido: mfanyakazi wa kusafirisafiri hana moyo wa kazi. Bosi huitamka kwa huzuni ya mzazi. Inadai kwamba kazi ni ngumu, watu ni wachache, mtu akikosekana Jumatatu mambo yatasimama. Nauliza: yalisimama lini? Mhasibu yule yule akipigiwa simu saa tisa usiku kwamba baba amefariki, huondoka alfajiri, hana aliyemkabidhi, neno la siri la mfumo analo yeye, na hukaa siku nne Songea ambako mtandao unabahatisha. Ofisi hutuma rambirambi, hupitisha daftari la michango, na kazi huenda. Ofisi inayomudu siku nne ambazo hakuna aliyezipanga haiwezi kutuambia itaanguka kwa Jumatatu moja iliyoombwa miezi miwili kabla. Tena anayeogopwa kwa kuondoka mara kwa mara ndiye anayelazimika kuacha makabidhiano, kumfundisha mwenzake na kuandika mambo yanayokaa kichwani mwake. Yule ambaye hajaenda likizo miaka mitatu, anayesifiwa kwenye Mei Mosi na kupewa mfanyakazi bora, wakaguzi wa benki wanamjua vizuri: ni yeye wanayetaka kuona kitabu chake kikishikwa na mtu mwingine kwa wiki mbili.

Kuna na wale wanaosema jibu ni kufanya kazi ukiwa popote, kompyuta mapajani, miguu kwenye mchanga wa Paje. Hiyo ipo, na serikali yenyewe ilionyesha haiogopi: tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokusanyika Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati na barabara kufungwa, watumishi wa umma jijini waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Nchi haikuzama. Ila nisiuzie watu ndoto. Muuguzi, mwalimu, dereva, mpishi wa hoteli, mlinzi na keshia hawawezi kupeleka kazi yao Paje, na hao ndio wengi. Wanaoshauri watu “waache kazi wazunguke dunia” sina neno nao. Karibu wote huwa wanauza kozi.

Cha kushangaza, muuguzi huyo huyo asiyeweza kuondoka na kazi yake mara nyingi husafiri kuliko ofisa wa ghorofa ya tano. Ukikaa kwenye chumba cha zamu cha hospitali yoyote kubwa utaona ratiba ya mwezi imebandikwa ukutani, imejaa kalamu za rangi, mishale na majina yaliyokatwa. Hiyo mishale ni biashara. “Nifanyie Jumamosi usiku, nitakulipa Jumanne asubuhi.” Akimaliza zamu zake za usiku ana ofu zake, akikopa moja kwa mwenzake anazo nyingi zaidi, na siku hizo ni katikati ya wiki, basi lina nafasi na chumba cha wageni kinapungua bei. Wachimbaji wa migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa nao wanajua: wanakaa kambini wiki kadhaa, wanatoka wiki kadhaa, na ukiwakuta Arusha au Unguja Jumanne saa nne asubuhi usidhani wamefukuzwa. Mshahara wa muuguzi hauuzidi wa ofisa wa ghorofani, wala siku zake za kupumzika kwa mwaka si lazima ziwe nyingi zaidi. Anachomzidi ni kwamba siku zake zimetawanyika, na kwamba anaruhusiwa kuzisogeza kwa mkono wake. Sioni ushahidi mzuri kuliko huo kwamba kinachoamua ni umbo.

Kalenda nayo ina ukarimu wake kwa anayeifungua mapema. Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, na Karume Dei, tarehe 7, ni Jumanne. Maana yake kuanzia Ijumaa Kuu, tarehe 3, hadi Jumanne hiyo kuna siku tano bila kugusa hata siku moja ya likizo. Mei Mosi ni Ijumaa. Saba Saba ni Jumanne, kwa hiyo Jumatatu moja ya kuomba inakupa siku nne. Upande wa pili Muungano umeangukia Jumapili na Nane Nane Jumamosi, na kwetu ikishaanguka hapo imeliwa. Wakenya sikukuu yao ikiangukia Jumapili huisogeza Jumatatu. Idi zinasubiri mwezi, na ukikata tiketi kabla ya kuandama ni shauri yako. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu siku tano zile za Aprili, mtu wa Dar anaweza kushuka Dodoma, akapanda basi la Kondoa, akaenda kuona michoro ya miambani ya Kolo iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na akarudi akiwa na siku nzima ya kufua. Kabla ya Julai 2024, basi la Dar–Dodoma peke yake lilikula saa nane au tisa kila upande. Treni ya haraka, ile watu waliyoiita mchongoko, inakwenda kwa saa tatu na ushee. Kasi imeshafanya sehemu yake.

Lakini kasi bila siku ina madhara, na hapa ndipo sifa za “siku hizi unasafiri wikiendi tu” zinaponitia wasiwasi. Mwaka 2023 serikali iliyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku, ikaondoa marufuku iliyokuwepo tangu miaka ya 1990. Tangu hapo kuna kundi jipya pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Mtu anashuka kutoka Arusha au Mbeya, macho mekundu, anaingia choo cha kulipia na mfuko wa rambo wenye shati lililopigwa pasi Jumamosi. Anatoka amevaa tai. Anapanda daladala kwenda kazini, na saa mbili kamili anamhudumia mteja, au anashika usukani, au anachanganya dawa. Alikuwa na siku 28 kabatini. Hakuthubutu kuomba moja. Tunamsifu kwa kujituma, na kumbe tumemlazimisha aibe usingizi wake mwenyewe, na wa wale watakaokutana naye siku hiyo.

Kama niko sahihi katika haya, basi fedha nyingine tunayoelekeza kwenye matangazo ya utalii wa ndani inalenga mtu ambaye tayari ameshawishika. Hahitaji kuambiwa Mikumi ni pazuri; barabara kuu inakatiza humo, ameshawaona swala na nyani kupitia dirisha la basi mara ishirini, akielekea msibani Iringa. Anahitaji kifungu cha sheria kitakachohesabu likizo kwa siku za kazi, ili Jumatatu iwe Jumatatu moja kwa kila ofisi, na kitakachosema kinagaubaga kwamba nusu ya likizo inaweza kugawanywa kwa maombi yake. Hilo halimgharimu mwajiri hata siku moja ya ziada. 20 zitabaki 20. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo kila Mei Mosi hudai mshahara na ni sawa vidai, vingeweza kuliweka hili kwenye mikataba ya hali bora hata kabla Bunge halijaamka. Na ofisi isiyotaka kusubiri yeyote inaweza kuanza na jambo dogo kabisa, kufuta kwenye fomu ule mstari wa kata na wilaya.

Miji ya njiani ingeona tofauti haraka kuliko sisi. Leo mwenye nyumba ya wageni Morogoro au Kilosa anajaza vyumba Pasaka na Desemba, kisha anawalipa wahudumu kwa kubahatisha miezi mingine, ndiyo maana hawadumu na ndiyo maana chai inakuja imepoa. Wageni kumi kila Jumatatu wangemfaa kuliko mia moja wa Krismasi. Desemba yenyewe ingepumua: kila mwaka tunashuhudia mabasi ya Moshi yakigombaniwa, nauli zikipandishwa kwa kificho, mamlaka ikionya, abiria wakilipa hivyo hivyo. Wachaga wataendelea kwenda Moshi Desemba, na hakuna sheria ya kazi itakayowazuia. Lakini si kila anayejazana kwenye stendi wiki hiyo anakwenda kwa sababu ya sikukuu. Wengine wamepangiwa na bosi.

Na vipande vya reli vya kuelekea Tabora, Isaka na Mwanza bado vinajengwa. Vikikamilika, mtu wa Dar ataweza kulala Mwanza usiku ule ule aliotoka, safari iliyokuwa ikimla babu yake siku mbili. Ningependa siku hiyo itukute tumeshajua kuhesabu. Fomu yangu ya Jumatatu ya tarehe 6 Julai, ile ya kuunganisha na Saba Saba, nimeijaza mapema mwaka huu. Penye sababu nimeandika neno moja, “matembezi”. Iko kwa bosi.